Sauti za Giaboksi Iliyochakaa

Giaboksi ya motakaa iliyotembea miaka mingi ni nadra kuvunjika ghafula. Kwanza hulia, na huenda ikalia majuma mengi. Dereva asikilizaye vema aweza kujua ni sehemu gani iliyochakaa kabla fundi hajashika spana, nayo ni faida kubwa, maana beringi moja si ghali, lakini ikiachwa mpaka shafti ikapepesuka na meno ya gia yakakatika, gharama yake yaweza kuwa zaidi ya uwezo wa mwenye gari.

Jambo la kuangaliwa si sauti tu, bali ni wakati inaposikika. Motakaa isimamishwe mahali pa tambarare, breki ya mkono ivutwe, na injini iachwe ikizunguka polepole bila kutia gia. Mvumo ukisikika, klachi ikanyagwe mpaka chini. Ukikoma, zishukiwe beringi za shafti ya mbele, ile itokayo kwenye klachi, na za shafti ya chini inayozungushwa nayo, kwa kuwa klachi ikikanyagwa injini haizizungushi tena. Lakini ikiwa palikuwa kimya, na sauti ikaanza klachi ilipokanyagwa, kwa kawaida ni beringi ya klachi yenyewe. Hiyo imo nje ya giaboksi. Ili kuifikia, mara nyingi giaboksi hushushwa, lakini haifunguliwi. Basi mwenye gari asikubali upesi kulipia gia mpya.

Baadaye gari liendeshwe. Katika magari mengi ya gia nne, kama Land Rover za zamani, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja, na shafti ya chini huzunguka bila mzigo. Kwa hiyo gari lingurumalo katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha likatulia katika ya nne, laonyesha kuwa beringi za shafti ya chini zimelika. Sauti ya gia moja tu hutoka katika meno ya gia hiyo. Ikiwa ni mgongo wa ko-ko-ko unaoongezeka kwa kadiri ya mwendo, huenda jino limekatika, na gari lisiendeshwe tena: kipande kikinaswa kati ya gia chaweza kuzuia magurudumu yasizunguke, hata gari likiwa katika mwendo.

Si kila kilio ni ugonjwa. Gia ya kurudi nyuma hulia katika magari mengi hata yakiwa mapya, kwa sababu meno yake yamekatwa wima. Tena Land Rover nyingi zilizotangulia Series III ya mwaka 1971 zilikuwa na kifaa cha kusawazisha mwendo katika gia ya tatu na ya nne tu. Zikikwaruza katika gia ya kwanza, pengine mwenye kosa ni dereva.

Oili nayo ipimwe kabla ya yote, kwani ikipungua hata giaboksi nzima hulia. Ikimwagwa, ujiuji wa kijivu juu ya kizibo si wa kuogofya. Vipande vinavyoonekana kwa macho ni habari nyingine. Na anunuaye gari kuukuu aifungue oili hiyo hata kama giaboksi ni kimya kabisa, kwa maana iko hila ya zamani ya kutia unga wa mbao ndani yake, nao hunyamazisha meno mabovu kwa muda wa kutosha tu kuuza gari.