Kwa Nini Dereva wa Treni Hujifunza Njia

Leseni pekee haitoshi. Dereva akipelekwa kwenye njia ngeni, kwanza husafiri na dereva mzoefu, mchana na usiku, akikariri miinuko, kona, ishara na vivuko.

Reli ya kisasa ya Miritini hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, hupanda kutoka pwani hadi zaidi ya mita 1,500. Treni nzito haisimami ghafla. Asiyeujua mteremko huchelewa kufunga breki.

Reli hushindana na malori kubeba makontena ya bandarini, lakini haraka ya biashara isifupishe mafunzo.

Mkazi wa Changamwe na Miritini, vuka reli penye kivuko pekee. Hapo ndipo dereva amefundishwa kukutarajia.