Nyumba Ikiwa Shule: Kufanya Kazi na Mtoto, Siyo Kumfanyisha Mtoto Kazi



Katika somo hili tunatazama malezi ya nyumbani, hasa yale yanayofanyika bila ubao wala chaki: jikoni, shambani, mferejini, njiani kwenda kanisani. Mfano wetu ni Idodi, katika Mkoa wa Iringa, kwenye njia ya kutoka Iringa mjini kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ni eneo la wakulima wa mpunga na mahindi, lenye joto kuliko nyanda za juu, ambako maji ya mfereji yana zamu na tembo ni majirani.

Wako wazazi katika nchi nyingine, Marekani hasa, ambao hawapeleki watoto shule kabisa. Huwafundisha wenyewe nyumbani. Wengine hawafuati hata ratiba. Wanaamini kuwa mtoto akiishi vizuri na watu wazima, atauliza, na akiuliza atajifunza. Mwalimu mmoja wa huko, John Holt, alianzisha gazeti la wazazi hao mwaka 1977. Kwetu njia hiyo haiko wazi namna hiyo: Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule na kuhakikisha anahudhuria, na tangu mwaka 2016 ada ya shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne imeondolewa. Kwa mzazi wa Idodi swali ni dogo zaidi, ingawa si rahisi: saa ambazo mtoto hayuko shuleni, anajifunza nini, na kwa nani?

Kumbukumbu la Torati 6

Tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, aya ya 7. Mzazi wa Israeli anaagizwa kuwafundisha watoto wake maneno ya Bwana. Angalia nyakati zinazotajwa: anapoketi nyumbani, anapotembea njiani, anapolala na anapoamka. Nyakati nne, na hakuna hata moja iliyo ya darasani. Kisha shuka hadi aya ya 20. Hapo ni mtoto anayeanza: anamuuliza baba yake maana ya amri hizi. Baba anajibu kwa kusimulia habari, kwamba tulikuwa watumwa Misri, Bwana akatutoa. Jambo lile lile liko katika Kutoka 12:26, mezani pa Pasaka. Ibada inafanyika nyumbani, mtoto anaona, anauliza, anajibiwa.

Huu ndio mpangilio wa malezi ya kibiblia, na ni mwepisi kuliko tunavyodhani. Unahitaji mambo mawili tu: mtoto awepo pale jambo linapofanyika, na awe huru kuuliza. Nyumba nyingi zetu zinalo la kwanza. La pili ndilo linalopungua. Mtoto anayeuliza mara tatu anaitwa mjuaji, wa nne anafukuzwa akacheze.

Kwa Nazareti Injili haitupi mengi, lakini yanatosha. Yesu anaitwa mwana wa seremala katika Mathayo 13:55, na katika Marko 6:3 anaitwa seremala mwenyewe. Ufundi huo kaupata wapi kama si nyumbani, mkono kwa mkono? Lakini Luka 2:46 inamwonyesha pia hekaluni akiwa na miaka 12, ameketi kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Kwa hiyo anayetaka kumtumia Nazareti kama sababu ya kumwachisha mtoto shule, asome sura yote.

Kanisa linafundisha hivyo hivyo. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya malezi ya Kikristo, la mwaka 1965, linawaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, kisha hapo hapo linasema familia inahitaji msaada wa jamii nzima. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 774, inawataka wazazi kuliko wengine wote kuwalea watoto katika imani kwa neno na kwa mfano. Kuliko wengine wote: yaani kabla ya katekista, kabla ya sista wa chekechea, kabla ya paroko.

Kuamia ndege

Sasa twende shambani. Mpunga unapoanza kukomaa, ndege hushuka kwa makundi, na mtu lazima awepo shambani tangu alfajiri hadi jioni kuwafukuza. Kazi hii ya kuamia huwaangukia watoto. Ni kazi ya kweli, kwa sababu familia inakula mpunga ule, lakini pia ni mojawapo ya sababu za watoto wa wakulima kukosa masomo.

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye kabla ya siasa alifundisha katika shule za Kanisa za Tabora na Pugu, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba kabla ya ukoloni watoto wa Afrika walielimishwa ingawa hapakuwa na majengo ya shule. Walijifunza kwa kuishi na kutenda. Ni kweli. Lakini maneno hayo nimeyasikia yakitumiwa na watu wazima wanaotaka tu msaidizi asiyelipwa. Hapa lazima tutofautishe kufanya kazi na mtoto na kumfanyisha mtoto kazi.

Unapofanya kazi na mtoto, uko naye. Anaona jinsi unavyopima, unavyoamua, unavyokosea na kurekebisha. Anauliza kwa nini jaruba hili linapata maji kwanza, nawe unamweleza habari ya zamu: kwamba jirani wa chini naye ana mpunga, na kwamba kufungulia maji usiku isipo zamu yako ni wizi hata kama hakuna aliyeona. Hapo amejifunza kilimo, na amejifunza amri ya saba. Unapomfanyisha kazi, umempeleka peke yake na kombeo, wewe umekwenda kwingine. Kazi inaweza kuwa ile ile. Mmoja kafundishwa, mwingine katumiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kazi inayodhuru afya ya mtoto au kumnyima elimu. Kulinda shamba usiku dhidi ya tembo, kwa mfano, si kazi ya mtoto kabisa, hata akiwa jasiri kiasi gani.

Nitoe mfano mmoja wa somo la nyumbani ninaoupenda kuliko yote: kuuza mazao. Mnunuzi anakuja na gunia, anataka lishonwe juu kama mlima. Hiyo ndiyo lumbesa. Vipimo halali haviruhusu gunia kuzidi kilo 100. Mwite mtoto wa darasa la tano. Tuseme lumbesa hii ina kilo 130, na kilo moja ya mpunga ni shilingi 800. Mnunuzi analipa kilo 100. Mtoto atoe: kilo 30 zimekwenda bure. Azidishe: shilingi 24,000 kwa gunia moja. Magunia kumi? Shilingi 240,000. Hakuna mtoto atakayesinzia katika hesabu hiyo, kwa sababu ndani yake kuna sare yake na madaftari yake. Kisha jioni msomeeni Amosi 8:5, juu ya wafanyabiashara wanaochezea vipimo. Na kama baba mwenyewe ana debe lililobonyezwa ndani analouzia majirani, somo litakuwa gumu zaidi, maana mtoto atauliza.

Mtoto aliye mbali

Malezi haya yana kizuizi ambacho wazee wetu hawakukijua sana: mtoto anaondoka mapema. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ni jambo jema. Sekondari hali ni nyingine. Mabweni yanawaokoa wasichana na safari ndefu na vyumba vya kupanga. Hata hivyo, Idodi inajua uchungu wake. Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi, na wanafunzi 12 wakafa. Tuwaombee daima. Mzazi aliyepita katika msiba ule hahitaji kuambiwa kwamba mtoto aliye bwenini bado ni wake, na kwamba kuuliza analala wapi, mlango unafunguliwaje usiku, taa ni za aina gani, si kumsumbua mwalimu.

Likizo basi ni muhimu. Mtoto anaporudi, wengi wetu tunampa masomo ya ziada asubuhi na simu jioni. Mpeni wiki moja ya kuishi nanyi tu: kupika, kwenda mferejini, kumsikiliza bibi, kusali rozari hata makumi mawili kama usingizi umebana.

Kwa mafrateri mnaokwenda mwaka wa kichungaji: mkitembelea kaya, msianze kwa kuuliza kama watoto wanajua sala kwa moyo. Kaeni. Menyeni karanga pamoja nao. Mtaona upesi kama katika nyumba ile mtoto anaweza kuuliza jambo mbele ya baba yake. Na mkipangiwa kusimamia mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, zungumzeni na katekista juu ya msimu wa ndege. Kipindi cha saa kumi jioni wakati wa kuamia kitakosa nusu ya watoto, nao wataandikwa watoro. Jumapili baada ya Misa, huku wazazi wakiwa wamekaa hapo hapo, watakuwepo wote.