Somo: Mashine Inayotazama Ndani ya Shingo

Ndani ya shingo hupita chakula, pumzi, na damu iendayo kichwani. Kwa hiyo uvimbe wa shingo usiufunike kwa kitambaa na kunyamaza. Wala usikubali kuchanjwa wembe juu yake, maana mishipa mikubwa ya damu i karibu.

Uvimbe wa shingo ni wa namna nyingi:

1. Rovu. Mbele ya koo pana tezi yenye umbo kama kipepeo. Ikikua kupita kiasi huitwa rovu. Ukimeza mate, hupanda na kushuka. Mara nyingi huletwa na kukosa iodini katika chakula. Katika miaka ya 1960 waganga walipima watu wa kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, wakaona wengi sana wenye rovu. Mihogo isiyolowekwa vizuri huzidisha ubaya huo.

2. Matezi ya kando. Huvimba kwa ajili ya jino bovu, ugonjwa wa koo, kifua kikuu, au kansa.

3. Mfuko wenye maji ndani.

Mkono wa mganga hugusa uvimbe, lakini hauoni ndani. Picha ya radio huonyesha mifupa vizuri, lakini si nyama laini. Ndiyo sababu tunatumia ekografia.

Ukipiga kelele mbele ya mlima, sauti yako hurudi. Mashine hii hufanya vivyo hivyo. Hutuma sauti ambayo sikio halisikii, ikitetemeka mara milioni nyingi kwa sekunde moja. Sauti hurudi, na mashine huigeuza kuwa picha. Maji huonekana meusi. Nyama huonekana ya kijivu. Hivyo mganga hupima ukubwa wa uvimbe, na kujua kama una maji au ni mgumu.

Usiogope. Utalala chali, utapakwa dawa laini ya baridi, na kifaa kidogo kitapitishwa juu ya ngozi. Hakuna maumivu, wala mionzi. Mama mwenye mimba aweza kupimwa.

Lakini kumbuka: mashine hii haiponyi, wala haijui yote. Haioni vizuri nyuma ya mfupa au penye hewa. Pengine mganga atapima damu, au atatoa chembe kidogo kwa sindano ili zitazamwe kwa mikroskopi. Usikatae sindano hiyo.

Njoo upesi ukiona uvimbe mgumu, au unaokua haraka, au usiopungua kwa majuma matatu. Au sauti ikikauka, au kumeza kukiwa kugumu. Pumzi ikizuilika, njoo siku ile ile.

Na nyumbani tumia chumvi yenye iodini, ukiiweka katika chombo chenye kifuniko. Loweka mihogo vizuri.

Maulizo
1. Rovu huletwa na nini?
2. Ekografia yaonyesha nini ambacho mkono hauwezi kujua?
3. Ni dalili zipi zinazotaka uje upesi?