Usimalizane Barabarani: Haki ya Mtu Aliyeumizwa

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia magonjwa na kinga zake. Safari hii tujifunze juu ya majeraha na fidia. Hili nalo ni jambo la afya, kwa sababu aliyevunjika mguu huhitaji fedha kwa miezi mingi baada ya kufungwa plasta.

Mfano

Tuseme mama mmoja anatoka sokoni Somanda kwa miguu, anagongwa na bodaboda. Watu wanakusanyika. Dereva anaomba radhi na kutoa shilingi elfu hamsini. Wazee wanashauri yaishe palepale, na mama anatia dole gumba kwenye karatasi kwamba hana dai jingine. Baada ya wiki mbili goti limevimba, na palizi ya pamba imemshinda. Fedha zimekwisha, na karatasi ile itatumika kumpinga akidai zaidi.

Kwa nini tusiharakishe?

Siku ya ajali hakuna ajuaye ukubwa wa jeraha. Mfupa wa paja wa mtu mzima huchukua miezi mitatu au zaidi kuunga. Mfupa uliotoboa ngozi unaweza kuingiwa na vijidudu na kutoa usaha kwa muda mrefu. Aliyepigwa kichwani anaweza kuvuja damu polepole ndani ya fuvu, dalili zikaonekana baada ya siku au wiki kadhaa: kichwa kuuma kila siku zaidi, kutapika, kusinzia kupita kiasi, kuchanganyikiwa. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja.

Msamaria mwema (Lk 10) alilielewa jambo hili. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, lakini pia aliahidi kulipa gharama itakayozidi.

Hatua za kufuata

1. Uhai kwanza. Majeruhi aliye katika hatari akimbizwe hospitali. Ndugu mwingine aende polisi.

2. Toeni taarifa polisi na kuchukua fomu ya PF3. Daktari huandika humo aina ya majeraha. Andikeni pia namba ya pikipiki au gari, jina la dereva, na majina ya walioshuhudia.

3. Mwelezeni daktari kila sehemu inayouma, hata kama ni kidogo. Anayetibiwa na fundi wa kuunga mifupa peke yake hubaki bila cheti cha kuonyesha.

4. Tunzeni cheti cha hospitali, picha za eksirei, risiti za dawa na za nauli. Jeraha likiacha kilema, mwombeni daktari aandike kiasi chake.

Nani hulipa?

Wengi hudhani dereva akitozwa faini mahakamani, aliyeumia naye amelipwa. Sivyo. Faini ni ya Serikali. Fidia ya majeruhi ni dai la pekee. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inataka kila chombo barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu, ile tuiitayo bima ndogo. Pakithibitika kuwa dereva alifanya uzembe, kampuni ya bima inaweza kulipa badala yake. Majeruhi naye akiwa na kosa, fidia inaweza kupunguzwa. Ndiyo maana taarifa ya polisi na mchoro wa ajali ni muhimu. Mkishindwa kuelewana na kampuni, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Je, ukiumia kazini?

Mfanyakazi aliyeajiriwa, kwa mfano katika kiwanda cha kuchambua pamba, ana njia nyingine. Sheria ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia. Mfanyakazi hakatwi mshahara kwa ajili hiyo. Hapa huhitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Inatosha kuonyesha kwamba uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Mtaarifu mwajiri mara moja, wala usikubali kuandikiwa hospitali kwamba uliumia nyumbani.

Usichelewe

Kesi ya kudai fidia kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Ikipita, mahakama huweza kuikataa. Asiye na fedha za wakili awaone wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Afisa ustawi wa jamii anaweza kumwelekeza.

Kusamehe ni wajibu wetu Wakristo. Lakini unaweza kumsamehe dereva kwa moyo wote na bado ukadai gharama za matibabu. Wanao wanahitaji mama anayeweza kutembea.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika mtaa wetu, ni nani aliyemalizana barabarani na sasa anateseka? Tumsaidieje?

2. Ndugu akigongwa leo, nani atakwenda naye hospitali, na nani atakwenda polisi?

3. Je, wenye bodaboda katika jumuiya yetu wamekata bima?