Somo: Mwalimu na Mzazi Wasiwe Maadui

Kila tarehe 30 Aprili Kongo inawaadhimisha walimu. Huko Kamina, kama kwingine nchini, kwa miaka mingi wazazi ndio waliochangia mshahara wa mwalimu. Mtoto aliyekosa pesa alifukuzwa darasani. Mzazi akamchukia mwalimu, naye mwalimu alikuwa na njaa. Mwaka 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, kama Katiba ya 2006 inavyoagiza. Madarasa yakajaa, lakini sekondari iliendelea kulipiwa. Kwa hiyo amani ya shule inajengwa pale kamati ya wazazi inapoketi na walimu na wanafunzi, hesabu zikasomwa mbele ya wote.

Tujadiliane: Shuleni kwenu, nani anasoma hesabu? Mtoto asiye na pesa anatendewaje?