Uliza Kwanza Kama Inaongea

Mdogo wangu wa Tanga, barua yako nimeisikiliza yote. Una sauti, una gitaa, una laptop yenye kisoma skrini cha NVDA, na umenunua saundi kadi kwa pesa ya kudunduliza. Kaka mmoja wa mtaani akaja akakufungia kila kitu, mkarekodi, mkafurahi. Alipoondoka ukafungua programu ya ile kadi peke yako. NVDA ikataja jina la dirisha, basi. Tab, kimya. Mishale, kimya. Ukabaki na swali uliloniandikia: "Dada, hivi kazi hii kweli ni ya sisi tusioona?"

Ni yetu. Mimi nahariri vipindi vya redio siku zote bila kuona skrini, na wapo wenzetu duniani wanaorekodi albamu nzima hivyo hivyo. Hilo la kujiuliza kama unafaa tuliache kabisa. Tatizo lililokupata lina sababu yake, na ukiijua sababu utajua pa kupitia.

Kisoma skrini hakiangalii skrini, kinauliza. Kila unapobonyeza Tab, NVDA huiuliza programu kupitia Windows: hapa pana nini, kinaitwaje, kiko katika hali gani? Programu iliyoandikwa vizuri hujibu kwamba hapa ni geini ya ingizo la kwanza, nayo imewekwa kwenye 35. Sasa, programu nyingi za saundi kadi zimechorwa ili zipendeze. Vitufe vya kuzungusha vina kivuli, taa zina rangi, lakini kila kimoja ni picha tupu. Mwenye macho anaona kitufe, Windows haina habari kwamba pana kitufe. NVDA ikiuliza haijibiwi. Pengine hujibiwa nusu, ndipo unaposikia "batani, batani, batani" bila jina hata moja. Hata ukiisakinisha upya mara ngapi, hali itabaki ile ile, kwa sababu kasoro iko ndani ya programu yenyewe na vidole vyako havihusiki.

Mambo yameanza kubadilika, na vizuri ujue yalipobadilikia. Watengenezaji wengi wa programu za muziki hawaandiki kila kitu wenyewe, hujenga juu ya msingi uliokwisha tengenezwa, na mmoja unaotumika sana unaitwa JUCE. Mwaka 2021 toleo la JUCE 6.1 liliongezewa uwezo wa kujibu visoma skrini, NVDA ya Windows na VoiceOver ya Mac vikiwemo. Tangu hapo, kampuni inayotumia msingi huo haina tena kisingizio cha kusema kazi ni kubwa mno. Focusrite walitoa kizazi cha 4 cha kadi zao za Scarlett mwaka 2023, na programu yake, Focusrite Control 2, inasomeka kwa kisoma skrini. Siwapigii debe. Nataka ujue kwamba inawezekana, ili usikubali kuambiwa vinginevyo.

Sasa tuje kwenye kadi yenyewe, maana hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Kadi bora kwa asiyeona si lazima iwe ya bei kubwa. Ni ile ambayo mambo ya kila siku yako kwenye chuma, chini ya kidole chako: geini ya maiki, sauti ya hedifoni, swichi ya kujisikiliza moja kwa moja, na swichi ya 48V. Behringer UMC202HD, kwa mfano, geini zake ni vitufe vya kuzungusha na swichi ya 48V iko nyuma. Kadi ya namna hiyo unaweza kuitumia bila kufungua dirisha lolote la kuchanganyia sauti. Chukua rangi ya kucha, weka tone moja juu ya kila kitufe pale kinapoelekeza alama, liache likauke vizuri. Kuanzia hapo kidole kinakuambia geini imefika wapi hata kabla hujaimba.

Hiyo 48V nayo niizungumzie, kwa kuwa imewatesa wengi. Ni umeme unaopandishwa kwenye maiki za kondensa. Bila huo maiki inakuwa imekufa, na alama pekee ya kwamba umewashwa huwa ni kataa kadogo. Wewe tumia masikio. Punguza kwanza sauti ya hedifoni, kwa sababu swichi hiyo hupiga mshindo. Bonyeza, ngoja kidogo, kisha pandisha sauti taratibu. Ukisikia hewa ya chumba, feni, kuku wa jirani, basi umeme upo. Kama maiki yako ni ya aina ya Shure SM58, yenyewe haihitaji 48V kabisa, iache imezimwa.

Upande wa kurekodi, jibu langu ni moja: REAPER pamoja na OSARA. REAPER imetengenezwa na kampuni ya Cockos ya Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp tuliyosikilizia nyimbo kwenye intaneti kafe. Unaijaribu siku 60 bila kulipa, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. OSARA ni nyongeza ya bure inayoifanya REAPER iongee, na aliyeianzisha ni James Teh wa Australia. Ukifuatilia utakuta huyo huyo ndiye aliyeungana na Michael Curran, aliyeanza kuandika NVDA mwaka 2006. Wote wawili hawaoni. Mtu anayefanya kazi kwa kusikiliza anajua asiyeona anahitaji kusikia nini, na kwa wakati gani, na ukianza kutumia OSARA utaliona hilo mapema.

Kaa chini ufanye hivi. Fungua REAPER, bonyeza Control na T, umepata traki mpya. Panda na kushuka kwa mishale, kila traki inajitaja. F7 inaitayarisha traki kurekodi, nayo OSARA inakuthibitishia. Ukitaka kujifunza vitufe bila kuharibu kitu, bonyeza F12: kuanzia hapo kila kitufe unachogusa kinaelezwa kazi yake bila kuifanya. Bonyeza F12 tena kutoka. Jioni moja ya kuchezea F12 ina faida kuliko video nyingi za mafunzo zinazosema "bonyeza hapa" na "buruta pale".

Na zile taa za kijani na nyekundu zinazomwonya mwenye macho kwamba sauti imezidi? OSARA ina kitu kinachoitwa Peak Watcher. Unakiwekea kikomo, tuseme desibeli 6 chini ya sifuri, na sauti ikivuka kinakutamkia. Unapopima geini, imba ile sehemu unayoipigia kelele kuliko zote. Wengi hupima kwa kunong'ona "moja, mbili, moja, mbili," halafu kiitikio kinapofika sauti inachanika. Ikikaa karibu na desibeli 12 chini ya sifuri wakati umeachia koo, umepatia. Scarlett 2i2 ya kizazi cha 4 ina Auto Gain inayojipimia yenyewe ukiimba sekunde chache, ila hata hapo imba kwa nguvu zile zile.

Dada wa Mombasa anayetengeneza podikasti, swali lako naliunganisha hapa. Umemhoji mgeni mazungumzo mazuri, na uliposikiliza ukakuta NVDA inatajataja ujumbe wa WhatsApp katikati ya maneno yake. Imepita njia moja kati ya mbili. Huenda ilitoka kwenye spika au hedifoni inayovuja, maiki ikaidaka. Au kadi yako ina njia ya ndani ya kurudisha sauti ya kompyuta kwenye rekodi, nayo ilikuwa wazi. Dawa ni kila sauti kuwa na mlango wake. Bonyeza kitufe cha NVDA pamoja na N, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya sauti, uichagulie NVDA itokee kwenye sauti ya laptop yenyewe. REAPER iachie saundi kadi. Sikio moja livae kidude cha laptop, la pili lifunikwe na hedifoni ya kadi. Mwanzoni kichwa kinachanganyikiwa, kisha kinazoea, na baadaye utashangaa watu wengine wanafanyaje kazi bila hivyo. Kabla hujaanza kumhoji mtu, bonyeza NVDA na S mpaka usikie hali ya kusema kwa kuombwa tu. Hali hiyo imeingia kuanzia toleo la NVDA 2024.1. NVDA itakaa kimya, ikijibu pale tu utakapoiuliza.

Hapo hapo niwaonye kuhusu ASIO4ALL. Ni draiva ya bure ambayo kila anayekusaidia hukimbilia kuisakinisha. Huikamata kadi ya sauti peke yake, na kama NVDA inaongelea kwenye kadi hiyo, inabaki bubu. Kwa mwenye macho huo ni usumbufu mdogo, kwako wewe ni giza la ghafla. Tumia draiva ya kampuni iliyotengeneza kadi yako. Ikitokea umepoteza sauti, usiogope. Chomoa waya wa kadi, bonyeza Control, Alt na N, NVDA itajiwasha upya. Kisha bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, Enter. Linafunguka dirisha la zamani la sauti, linasomeka vizuri sana, na humo utaangalia kama kadi yako na Windows ziko kwenye kasi moja ya sampuli, mfano 48,000. Zikipishana, sauti huweza kupotea au kukwaruza.

Turudi Tanga. Kadi umeshainunua na programu yake ni bubu, tufanyeje? Jaribu kwanza NVDA na R. Hiyo husoma maandishi yaliyo kwenye picha. Tembea kwa mishale, ukifika kwenye neno unalolitaka bonyeza Enter, mausi itabonyeza pale pale. Kabla ya hapo lipanue dirisha lijae skrini, na hakikisha unatumia Windows 10 au 11. Ukishindwa, kuna nyongeza ya NVDA iitwayo Golden Cursor. Inahifadhi mahali mausi iliposimama na kupaita jina ulilolitaka, halafu siku nyingine inarudi pale pale. Mwite yule kaka mara moja tu, akuelekeze kila kitufe kilipo, upahifadhi pote. Akimaliza, hifadhini na mpangilio mzima wa kadi kama programu yake inaruhusu. Kwa maswali madogo, kama taa ipi imewaka, Be My Eyes kwenye simu inakuunganisha bure na mtu wa kujitolea anayekuangalizia kwa kamera.

Jambo la lugha nalo lisikupite. NVDA inakuja na sauti ya eSpeak NG inayosoma Kiswahili, na kwa ujumbe na habari inatosha. Ila ikikutana na "input" na "mute" inazitamka vibaya mpaka huelewi. Unaweza kuiwekea NVDA wasifu wa kila programu: Control, NVDA na P. Ukiingia REAPER sauti inageuka ya Kiingereza na kasi inaongezeka yenyewe, ukitoka inarudi Kiswahili. Ukiweka mara moja, umemaliza.

Kwa mtu asiyetaka kompyuta kabisa, Zoom walitoa mwaka 2024 vinasa sauti vya H1essential, H4essential na H6essential vinavyotamka menyu zake. Vinarekodi kwa mfumo wa biti 32 float ambao hauhitaji kupanga geini, na vinachomekwa kwenye kompyuta vikafanya kazi ya saundi kadi. Kwa mwandishi wa habari au mwalimu wa kwaya anayetembea, ningeanzia huko.

Kaka uliyemsaidia mdogo wangu, Mungu akubariki. Mara nyingine acha mausi mezani. Mwache yeye akae kwenye kibodi, wewe kaa pembeni umsomee kilichopo. Usimwambie "pale juu," mwambie "kona ya kulia, chini ya neno Mixer." Itachukua muda mrefu zaidi, lakini ukiondoka ataweza kuendelea. Na ninyi wenye studio, mkipata kijana asiyeona anayetaka kujifunza, msimpe maiki peke yake. Mpeni na kiti cha prodyuza.

Wewe unayejiandaa kununua, pakua programu ya kadi ukiwa nyumbani, ingawa nyingine hazionyeshi kitu mpaka kadi ichomekwe. Nenda dukani na laptop yako na hedifoni yako, mwombe muuzaji uchomeke hapo hapo kaunta. Pitisha vidole kwenye kadi uhesabu vitufe vya kushika. Fungua programu, bonyeza Tab. Ikitaja majina na namba, lipa. Ikinyamaza, na mambo yote yako ndani ya skrini, mrudishie kadi yake, hata akikupunguzia bei.