SOMO LA WIKI: UNASHINDANA NA NANI?
Soma: Waebrania 12:1, Wakolosai 4:12



Mimi nilisomea biashara. Darasani tulifundishwa ushindani ni kumpokonya jirani wateja, na hesabu hiyo nikaja nayo mpaka madhabahuni. Ibada ikiisha nilihesabu viti, kisha nikauliza kanisa jirani walikuwa wangapi. Wakituzidi, usingizi hauji. Nakiri mbele yenu: huo ulikuwa wivu, si huduma.

Basi nikalichunguza neno lenyewe. Kwa Kigiriki ni agon. Mwanzoni lilimaanisha mkusanyiko wa watu. Kwa kuwa watu walikusanyika kutazama michezo, likawa jina la mashindano yenyewe, kama yale ya Olimpia, na yale ya Isthmia karibu na Korintho, alikokaa Paulo mwaka mmoja na nusu.

Biblia yetu inalitafsiri neno hili na jamaa zake kwa njia nyingi. Waebrania 12:1 ni “mashindano.” 2 Timotheo 4:7 ni “vita.” Luka 13:24 ni “jitahidini.” Luka 22:44, Yesu akiomba Mlima wa Mizeituni, ni “dhiki.”

Lakini lililonikamata ni Wakolosai 4:12. Epafra anapigana katika maombi. Hebu jiulize, anapigana na nani? Si na mtu. Anapigana kwa ajili ya wengine, wasimame imara.

Sisi watu wa Malakisi mfano tunao hapo juu mlimani. Ben Jipcho alikuwa mwana wa Mlima Elgon. Mexico, mwaka 1968, mbio za mita 1,500, aliutimua mzunguko wa kwanza kwa kasi kali ili Jim Ryun wa Marekani aachwe nyuma na Kipchoge Keino apate nafasi. Keino akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Jipcho akamaliza wa 10. Lakini ile dhahabu ina jasho la huyo wa 10.

Mpendwa, wiki hii, kabla hujampima jirani kwa shamba lake, duka lake au sadaka yake, kwanza litaje jina lake ukiwa magotini. Mimi nimeanza na mchungaji wa kanisa lile jirani. Siku ya kwanza maneno yalikwama kooni. Sasa nikisikia wamejaa, nasema amina, na usingizi unakuja.

Swali la vikundi: Ni nani unayeshindana naye, na Mungu anataka ushindane kwa ajili yake?